Siku Niliyong'oa Matete ya Mama

Nianze na ujinga wenyewe, ili anayetaka kunicheka anicheke mapema tumalizane: niling'oa matete ya Mama katikati ya muchana, mbele ya wauza samaki wote wa Nyangwe, kwa sababu nilitaka kusimama kwenye kibao cha kamyo, lile gari la mizigo, na kupuliza filimbi. Ni hivyo tu. Sikutumwa, sikulewa, sikurogwa (nilijaribu kusema nimerogwa, lakini Kalume rafiki yangu akaniambia hakuna muchawi mwenye dawa ya kupoteza kwa mutu kama mimi). Na aibu yenyewe si kwamba watu walinicheka. Ningetamani wangenicheka mimi.

Kwanza mujue majina yangu, maana niko nayo mengi na karibu yote ni ya kuazima. Kule Kasongo, kwenye masomo ya Misheni, Bwana Mupe, padri wetu, aliniandika Etienne siku ya kwanza kabla sijamaliza kutaja langu, na miye mutoto wa Waislamu, mujukuu wa Waislamu, nikaitika haraka haraka, kwa kuwa walikuwa wanagawa kaptula. Rafiki zangu wananiita Filimbi, kwa ajili ya filimbi ya bati niliyookota sokoni na ambayo imekwisha kunipatia fimbo katika kila kalasi niliyopita. Lakini jina langu hasa ni Shabani, jina la baba yake Mama, na kwetu mutu hataji ovyo jina la muzazi wake, basi Mama ananiita Baba. Baba, njoo ule. Baba, nawa miguu. Baba, umelowesha tena kitanda (nilikuwa mudogo, musicheke). Tangu kuzaliwa sikuwa nimelisikia jina langu katika kinywa chake hata mara moja.

Sasa niwaeleze matete, maana mutu asiyekaa kwetu atadhani ninalilia majani. Kiangazi kikifika muto Lualaba unashuka, na pale chini ya soko unatokea muchanga mweupe, mupana, unaoonekana mugumu kwa macho na ni laini kwa mguu. Juu ya muchanga huo wanakuja ndege tunaowaita wakata-maji. Weusi mugongoni, weupe tumboni, mudomo mwekundu ambao kipande cha chini kimekizidi cha juu, kama bibi aliyenuna. Jioni wanaruka chini chini juu ya muto, kile kipande cha chini kikipasua maji kama mukasi wa fundi wa nguo, na wanapopasua ndipo samaki wadogo waliko, kwa hiyo wavuvi wetu hawaendi kutupa nyavu mpaka wamewatazama. Nyumba hawajengi. Wanakwaruza kishimo katika muchanga kama alama ya kisigino, wanataga mayai yenye madoa, na ukipita na haraka zako utaona muchanga mutupu mpaka usikie kitu kinavunjika chini ya mguu.

Ndiyo maana ya matete. Babu, yule Shabani wa kwanza, alikuwa muvuvi, na ndiye aliyeanza kukata matete na kuyasimika kuzunguka pale wanapotaga, kila tete na kitambaa kichwani. Alipokufa Mama akaishika kazi, kwa maana Babu hakuwa na mutoto wa kiume (na baba yangu miye iko mbali, mugodini, anatuma salamu). Sheria yake kila mutu aliijua, hata walevi. Ndani ya matete hapana kupita, na matete yanang'olewa na mukono wa nyumba yetu tu, siku vifaranga vimeruka. Ukimuona mutu wa nyumba ile anang'oa, njia imefunguka. Hakuna tangazo lingine, hakuna ngoma, hakuna kuuliza.

Zamani hilo halikuwa na matata, maana mutumbwi hauna magurudumu. Matata yalikuja na kamyo. Wazungu walipofungua njia ya kutoka Kabambare, kamyo zikaanza kushuka na mupunga, na shofere kila mumoja alitaka kufika mpaka ukingo wa maji, asogee karibu na mitumbwi mikubwa inayovusha mizigo, ashushe, ageuke, aende zake. Kiangazi kilichopita likaitishwa shauri mbele ya kapita, yule aliyewekwa na serikali kuangalia njia na kivuko. Nilikuwepo, nilikuwa nimerudi likizo, na ninawaambia ukweli, wapagazi walikuwa na haki. Kamyo zikisimama juu ya ukingo, ni wao wanaobeba magunia kwa kichwa mpaka chini, katika muchanga unaounguza. Mupagazi mumoja muzee akainama mbele ya watu wote, akaonyesha shingo yake ilivyofanya nundu.

"Mama Shabani," akasema, "ndege yako iko na mabawa. Miye niko na shingo tu."

Watu wakacheka, lakini kile kicheko cha kusema kweli umesema. Mama hakucheka.

"Shingo yako ninaiona, kaka," akamjibu. "Ni hiki kiangazi kifupi tu. Wakiruka, ni miye mwenyewe nitang'oa na nitakuita, na kamyo itashuka mpaka inywe maji. Na siku nikikudanganya, muipitishe hata juu ya kitanda changu."

Kapita akamutazama sana. Alikuwa mutu mukavu, hapendi maneno. Akasema, "Basi neno la huyu mwanamuke ndilo ukuta. Kamyo isimame juu mpaka matete yatoke."

Nami nilikuwa hapo, nimekaa juu ya gunia, ninatafuna muwa, ninaona fahari kana kwamba ni miye niliyesema.

Haya. Siku yenyewe, kiangazi hicho hicho, ilikuwa Ijumaa, saa ya sala, jua liko juu ya utosi. Wanaume wako muskitini, wapagazi na kapita pamoja nao, Mama iko kule kijitoni analoweka mihogo, na ukingoni wamebaki wauza samaki, Kalume, na vijana wawili wa kalasi yetu waliokuja kutembea kutoka Kasongo. Hao vijana ndio maneno yalipoanzia. Kwenye masomo nilikuwa nimewaambia kwamba Nyangwe kamyo haziwezi kushuka muto bila miye, kwamba miye ndiye konvoyeri, yaani yule msaidizi wa shofere anayesimama mulangoni na kuelekeza, kwamba nikipuliza mara moja inasimama, nikipuliza mara mbili inarudi nyuma (kweli nilikuwa ninaelekeza mbuzi wa jirani, na hata wao walinisikia siku wanazotaka). Mara ikaja kamyo ya shofere Radjabu, imejaa mupunga mpaka inalia, ikasimama juu ya ukingo, Radjabu akashuka, hakukuta mupagazi hata mumoja.

"Haya, konvoyeri," Kalume akanisukuma na kiwiko. "Kamyo ni hii. Au ile filimbi ni ya mbuzi tu?"

Wale vijana wakaanza kutabasamu. Ninyi munajua lile tabasamu.

Radjabu alikuwa anajifuta jasho. Hakuwa mutu mubaya, kila mara alitugawia miwa. "Weye mutoto wa Mama Shabani," akaniita, "haya matete yenu yatatoka lini? Tangu jana gurudumu limenipasukia njiani, sala imenipita, sasa nilale hapa na mupunga wa watu?"

Na hapo, ndugu zangu, kichwani mwangu likaja wazo lililovaa nguo nzuri. Sikusema nitayang'oa yote. Nilisema nitang'oa yale ya upande mumoja tu, yale ya chini ambako niliona kwa macho yangu hakuna kishimo, kamyo ipite pembeni, ifike majini, igeuke, irudi, nami nisimike matete yangu tena kabla Mama hajamaliza mihogo yake. Nani ataumia? Ndege watashangaa kidogo, watakaa tena. Nikashuka, nikashika la kwanza, likatoka laini kama jino la mutoto. La pili. La tatu. Nikawa ninayapanga kwa adabu, moja juu ya lingine.

Radjabu akanifuata mpaka katikati ya mutelemko. "Vifaranga vimeruka?"

"Kaka Radjabu," nikamwambia, "weye unaniona ninafanya nini?"

Mukiangalia vizuri, mudomo wangu haukudanganya. Mukono ndio ulidanganya. Na ndiyo maana hata yule bibi muuza samaki, mwenye mudomo mukali kuliko wote, aliyesimama kunizuia na kisu chake cha kuparia samaki mukononi, alipoona ni miye, mutoto wa nyumba ile, akakaa tena. Nilimsikia anamwambia mwenziwe, "Wameruka, basi. Si anang'oa?" Hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Kama ningekuwa mutoto wa nyumba nyingine wangenipiga mawe.

"Bismillahi," Radjabu akasema, akapanda kamyo, akatia injini moto.

Nikapanda kwenye kibao, mukono mumoja mulangoni, mwingine kwenye filimbi, na kwa kitambo kidogo, nikubali, nilikuwa mufalme. Kamyo ikateremuka, wale vijana wa Kasongo wakafungua vinywa, nami nikapuliza kwa nguvu za mashavu yote, ndege wakainuka wote pamoja, weusi na weupe, wanalia ile sauti yao ya kubweka, nikaona hata wao wananishangilia. Halafu gurudumu la mbele likaingia. Kule pembeni kulikokosa vishimo, ndege walikuwa wamekuepuka kwa akili yao. Juu ni muchanga mukavu na chini yake ni maji, uji mutupu. Radjabu akazungusha usukani kutafuta mahali pagumu, kamyo ikayumba, ikapanda upande wa juu, ikapita matete yaliyobaki, ikaenda kuzama katikati, pale pale, katikati ya mayai, mpaka magurudumu ya nyuma yakawa hayaonekani.

Nikapuliza mara mbili. Haikurudi nyuma.

Kilichofuata kilikuwa kama sikukuu. Sala ikaisha, na muskiti wote ukashuka ukingo kuja kuona, makanzu meupe, wazee, watoto, wapagazi wakifunga viuno. "Nani amefungua?" "Mutoto wa nyumba ameng'oa, wameruka." "Ah, vizuri, basi tusukume." Wakaleta makuti, wakaleta mikeka, wakaondoa magunia moja moja, wakaimba, wakasukuma, wakaanguka, wakacheka, kamyo inarusha muchanga kwenye makanzu ya wazee. Na kila walipokanyaga niliangalia chini, na mara nyingine nilisikia. Lakini pande nyingine za muchanga hazikukanyagwa. Nikaenda kutazama, nikakuta vishimo vingi vizima, mayai yamekaa na madoa yake, hayakuguswa, na nikafurahi mpaka nikapiga kelele, "Oneni, kamyo yenyewe iko na macho! Mengi iko mazima!" Watu wakacheka, kwa kuwa kwao ndege wameruka na hayo ni mayai viza tu yaliyobaki. Nilikuwa ninapendwa sana kwa maneno ya namna hiyo.

Ndipo Mama akaja.

Alikuja bado na mikono myeupe ya mihogo. Hakunitazama. Alipita kati ya wanaume kama hawapo, akachutama penye kishimo kimoja, kizima kabisa, akaokota yai, akaliweka shavuni, akafumba macho. Kisha akaliweka chini, akaenda kwenye kingine, akafanya vilevile. Nikamwendea nikimwambia, "Mama, hayo ni mazima, hayakuguswa." Akanipa moja mukononi.

Lilikuwa la moto. Si la joto, la moto, kama limetoka chunguni.

Mimi nimekua juu ya ule muchanga na sikuwa nimefikiri jambo hilo hata siku moja. Muchana wote wakata-maji wanashuka mutoni, wanalowesha tumbo, wanarudi kuyalalia mayai na tumbo la maji, tena na tena, mpaka jua lipungue. Niliwaona miaka yote, nikadhani wanaoga. Na sasa walikuwa juu angani wanazunguka na kulia, hawawezi kushuka, kwa sababu muchanga umejaa watu, na watu wamejaa kwa sababu kuna kamyo, na kamyo ipo kwa sababu ya filimbi. Kamyo haikuhitaji kuyavunja, jua lilitosha.

Mama akafungua kikwembe chake cha juu, akabaki na kile cha ndani, akakimbia mutoni, akakichovya, akarudi anakimbia, akakikamua juu ya mayai, akakimbia tena. Mwanamuke mutu muzima, mwili wake si wa kukimbia, maji yanamutiririka, muchanga unaunguza miguu, anakwenda na kurudi, kishimo kwa kishimo. Kijana mumoja katika wapagazi akasema, "Sasa Mama Shabani anataka kuatamia mwenyewe!" na watu wakaangua kicheko.

Na miye nikacheka.

Hiyo ndiyo niliyokuja kuwaambia. Sijui kwa nini. Kilinitoka tu, kama kikohozi, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka na miye ndiye mutoto wa vichekesho. Akanisikia. Alisimama kidogo na kikwembe kinamudondoka, hakugeuka, akaendelea. Wa kwanza kunyamaza alikuwa yule muzee mwenye nundu ya shingo. Alivua kofia yake ya sala, akashuka mutoni, akaijaza maji, akaja kumwaga alipokuwa anamwaga Mama. Wengine wakanyamaza mumoja mumoja. Lakini kamyo ilikuwa bado palepale, na magunia, na mupunga wa watu, na jua.

Kamyo ilipotoka, jua lilikuwa limekwisha kulala upande. Kapita akawaita watu wakae mbali, akamwita Mama, akaniita na miye. Mukononi iko na kiboko chake, kile ambacho serikali inampa, na nilianza kuhisi makalio yangu yananiaga.

"Mama Shabani," akasema, "nimetazama. Hakuna kifaranga hata kimoja kilichoruka hapa. Huyu mutoto aling'oa kwa akili yake, au weye ulimutuma?"

Nilijua jibu. Radjabu alijua. Nadhani hata kapita alijua, na alikuwa anamupa Mama mulango. Ilikuwa aseme tu, mutoto ni mutukutu, mupigeni, nami ningelala kwa tumbo siku chache, matete yangesimikwa tena, na neno lake lingebaki ukuta. Mama alikitazama kiboko. Alitazama miguu yangu, ambayo ilikuwa imekwisha kurudi nyuma hatua moja bila ruhusa yangu.

"Nilimutuma," akasema.

Yule bibi wa samaki akashika kinywa.

"Uliwaambia hawa watu watabeba mpaka ndege waruke," kapita akasema polepole, kama mutu asiyependa anachosema. "Watu wamebeba. Kisha weye mwenyewe unafungulia kamyo moja unayoipenda?"

"Nilikosa."

"Basi, Mama, ukuta umeanguka. Kamyo zitashuka kila siku, tangu kesho. Ni weye uliyesema, hata juu ya kitanda chako."

Akafunga kiboko chake kiunoni, akaondoka. Radjabu alitaka kusema neno, Mama akamwinulia mukono anyamaze.

Huu mwaka likizo imenirudisha nyumbani, kiangazi kimefika, muchanga umetoka. Kamyo zinashuka mpaka majini. Shingo ya yule muzee imepata nafuu, na sina neno juu ya shingo yake. Wakata-maji walikuja, wakazunguka juu ya alama za magurudumu asubuhi nzima, kisha wakashika njia ya kusini kufuata muto, na wavuvi wetu wanatupa nyavu kwa kubahatisha na kurudi na vikapu vyepesi. Hakuna anayenilaumu, kwa maana wote wanamulaumu Mama. Akipita sokoni, bibi wa samaki anamupimia kama anavyompimia mugeni. Mara nyingi nimetaka kupanda juu ya gunia niwaambie watu wote ilivyokuwa, lakini Mama amenikataza, anasema kapita hajakitupa kiboko. Filimbi nilimupa Kalume, akaikataa, sasa iko chini ya Lualaba, na vichekesho bado ninafanya, siwezi kuacha, ila nikisikia watu wanacheka wote kwa pamoja ninatazama kwanza wanamucheka nani. Na mukono wangu sitauweka tena kwenye kitu ambacho watu wanakiamini kwa sababu ya jasho la mutu mwingine. Wallahi.

Lakini munataka kujua alinifanya nini jioni ile. Hakunifanya kitu. Tulirudi nyumbani, akanawa, akavaa kikwembe kikavu, akakaa mbele ya mafiga na mihogo yake, na kuni hazikuwepo, kwa kuwa zamu ya kuokota kuni ilikuwa yangu. Nilisimama mulangoni nikingoja matusi, nikingoja kofi, nikingoja hata aniite Baba kwa ukali. Nje, kutoka mutoni, ndege walikuwa bado wanalia. Alisikiliza kidogo. Kisha, bila kuinua macho, akasema:

"Shabani, kalete yale matete. Tutapikia."